Modeli ya ubongo ya vipande 9 yenye mishipa ya ateri: nimeitumia darasani na wodini, haya ndo maoni yangu

Wadau mnaofundisha kwenye vyuo vya afya, na nyie wanachuo mnaotaka kuchanga hela mnunue modeli ya kikundi, hii ni kwa ajili yenu. Naongelea ile modeli ya ubongo ya plastiki inayofunguka vipande 9, yenye mishipa ya ateri imetokeza kwa rangi nyekundu, wauzaji wa vifaa vya maabara hapa Dar wanayo na mtandaoni ipo pia. Mimi nafundisha anatomia kozi ya utabibu na uuguzi, nimeitumia mihula kadhaa sasa, imeshikwa na mikono mingi, imeazimwa, imedondoka, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona kwa macho.

Jibu la haraka kwa wenye haraka: inunue, inafaa sana, ila ununue ukijua inaonesha nini na inaficha nini. Kuna mambo mawili ambayo mwanafunzi akiiamini kichwa kichwa atatoka na picha ambayo sio, na moja kati ya hayo mawili ndo linalohusu wagonjwa wengi wa presha tunaowapokea kila wiki. Ntayafikia.

Kwanza yenyewe ikoje. Ni saizi ya ubongo wa mtu mzima, inakaa kwenye kistendi cheupe. Inagawanyika kushoto na kulia, halafu kila upande unatoa vipande vinne, yaani paji pamoja na parieto (mbele na juu), temporo pamoja na oksipito (ubavuni na nyuma), nusu ya shina la ubongo na nusu ya serebela (ule ubongo mdogo wa nyuma). Hapo ni 8. Cha 9 ni ateri ya basila na matawi yake, inachomoka peke yake, na hicho ndo kipande kilichonifanya nitoe hela mfukoni kwangu bila kusubiri chuo. Modeli nyingi za bei ya chini zinakupa ubongo mtupu umepakwa rangi rangi, mishipa hakuna hata mmoja, sasa unamfundishaje mtu kiharusi kwa ubongo usio na mishipa? Mimi haikufika laki tatu, usafiri juu yangu. Zile za makampuni makubwa ya Ulaya ni imara zaidi na rangi yake haitoki, ila bei yake ni mara kadhaa ya hiyo na vyuo vyetu vingi haviwezi.

Sasa igeuze chini juu. Utamu wote uko huku chini, na ndo maana nawaambia mkifika dukani msiangalie ule upande wa juu wenye mikunjo mizuri, geuza kwanza. Ukiigeuza unaona njia nne za damu. Mbili ni karotidi za ndani, zimekatwa pembeni kabisa ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapokutana. Mbili ni ateri za vetebra, zinapanda ubavuni mwa medula (sehemu ya chini ya shina la ubongo) mpaka zinaungana pale medula inapokutana na ponsi (sehemu ya katikati ya shina) na kuwa ateri moja, basila. Wanafunzi wangu huwa nawaambia washike hizo nne kwa vidole kabla sijaongea chochote, halafu ndo nawapa hesabu: ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo na asilimia 20 hivi ya oksijeni yote, ni kama mililita 750 za damu kila dakika, na hauna stoo ya akiba. Damu ikikatika kabisa mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi. Na yote hiyo inapita kwenye hizo njia nne, karotidi mbili zikibeba sehemu kubwa, kama asilimia 80. Mwanafunzi akiwa ameshika vile vinne mkononi hiyo hesabu inamuingia, kwenye slaidi haimuingii, nimejaribu zote mbili.

Karotidi ya ndani ikimaliza inagawanyika mara mbili, ACA (ateri ya mbele ya ubongo) inaenda mbele katikati na MCA (ateri ya kati ya ubongo) inaenda pembeni. Hapa modeli imefanya kazi nzuri kweli. Fungua zile nusu mbili za ubongo, ndani kwenye ukuta wa katikati unaiona ACA inavyopanda mbele na kuzunguka juu ya korpasi kalosamu (daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo) kurudi nyuma, inalisha ule ukuta wote mpaka sehemu inayotawala mguu. Alafu chomoa kipande cha temporo, unaiona MCA imejichimbia ndani ya mfereji wa Silvio (ule ufa mkubwa ubavuni), inafika kwenye insula (sehemu iliyofichika ndani ya ufa huo), inatoka tena nje na kusambaa ubavuni mwa ubongo, kwenye sehemu zinazotawala uso, mkono na, kwa watu wengi, upande wa kushoto, lugha. Ukishawaonesha hivyo huhitaji tena kuwakaririsha. Unauliza tu, mgonjwa kaja mguu umelegea kuliko mkono, ipi? Wanafungua katikati wenyewe, wanakuonesha ACA. Mgonjwa kaja mdomo umepinda, mkono haunyanyuki, anaelewa unachomwambia ila maneno hayatoki, ipi? Wanaenda kwenye tawi la juu la MCA ya kushoto. Anaongea sana tu ila maneno hayana mpango na haelewi unachomwambia? Tawi la chini. Yaani darasa zima linabishana juu ya kipande cha plastiki na mimi nimekaa pembeni, hakuna kitu nakipenda kama hicho.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kichwani mwa basila. Chukua tochi ya simu umulike hapo. Basila inapoishia juu ya ponsi inatoa kila upande ateri mbili zinazofuatana kwa karibu, ya chini ni ile ya juu ya serebela, SCA, na ya juu yake ni PCA, ateri ya nyuma ya ubongo, inayoenda nyuma kwenye sehemu ya kuona. Katikati ya hizo mbili panapita mshipa wa fahamu wa tatu, kwenye modeli yangu umepakwa njano, na ukiendelea mbele kidogo unapita ubavuni kabisa mwa ile ateri unganishi ya nyuma, PCom. Ni nafasi ndogo sana, ncha ya kijiti cha meno inaingia kwa shida. Sasa hapo ndo unamwambia mwanafunzi: mgonjwa anakuja na kichwa kimemuuma ghafla vibaya sana, kope ya jicho moja imeanguka, jicho limetazama nje na chini, mboni yake imepanuka na haishtuki na mwanga. Ukuta wa ateri pale PCom inapoanzia umevimba na kivimbe kimeukandamiza ule mshipa wa njano. Huyo hapewi panadoli akaambiwa arudi wiki ijayo, huyo anapewa rufaa siku hiyo hiyo kwenda kwenye upasuaji wa ubongo, kwa hapa kwetu mfano Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili. Nimefundisha hilo jambo kwa maneno miaka mingi na lilikuwa linasahaulika kabla ya mtihani, tangu nianze kulionesha kwa kijiti cha meno nakutana na wahitimu vituoni wanalikumbuka bado.

Shuka chini kwenye vetebra uione PICA (ateri ya chini-nyuma ya serebela), inavyozunguka ubavuni mwa medula kwenda chini ya serebela. Hapo ndo mahali pa kufundisha kiharusi kinachopotea kila siku mapokezi. Daktari wa Kijerumani Adolf Wallenberg alikieleza vizuri mwaka 1895: ganzi ya uso upande mmoja na ganzi ya mwili upande wa pili, kizunguzungu, sauti ya kukwaruza, kumeza kwa shida, kwikwi isiyokoma, kope kushuka kidogo, kuyumba, lakini nguvu za mikono na miguu zipo! Mgonjwa ananyanyua mikono yote miwili vizuri tu, anaambiwa ana malaria au vidonda vya tumbo anarudishwa nyumbani. Kwenye modeli unaonesha ubavu wa medula peke yake, unaonesha njia ya kusukuma misuli iko mbele na haijaguswa, wanaelewa kwanini nguvu zimebaki. Na basila yenyewe ikiziba katikati mwanafunzi anaona mwenyewe kwanini mtu anaweza kubaki na akili zake zote, anasikia kila kitu, ila hana anachoweza kusogeza zaidi ya macho kupanda na kushuka.

Haya, sasa tuje kwenye jambo la kwanza ambalo modeli inakudanganya.

Duara la Willis, ile pete ya ateri chini ya ubongo inayounganisha karotidi na basila. Thomas Willis alilichapisha London mwaka 1664, na michoro yake mingi ilichorwa na Christopher Wren, yule yule aliyekuja kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Kazi yake wengi mnaijua, linafanya kama kipilefti, barabara moja ikifungwa magari yanazunguka upande wa pili. Kwenye modeli hii kipilefti kimekamilika, kizuri, kila kipande kina unene unaolingana, PCom ya kushoto na ya kulia ni pacha, ateri unganishi ya mbele ipo safi. Kwa binadamu wa kweli duara lililokamilika namna hiyo ni chini ya nusu ya watu. Wengi wetu tuna PCom nyembamba kama uzi au hakuna kabisa upande mmoja, wengine sehemu ya kwanza ya ACA upande mmoja ni kanyembamba sana na ACA zote mbili zinategemea karotidi moja, na wengine PCA yao bado inatoka kwenye karotidi kama ilivyokuwa tumboni mwa mama, haitegemei basila. Hili sio jambo la pembeni, ndo linaloamua kwanini watu wawili karotidi zao zinaziba sawasawa, mmoja anaendelea na shughuli zake hajui hata kama imeziba na mwingine analala upande mzima. Kikaratasi kilichokuja na modeli hakisemi hata neno moja. Ninachofanya ni kuchukua plasta nyeupe, naibandika juu ya PCom ya upande mmoja, nawaambia huyu mtu hana hii, haya karotidi ya upande huu imeziba, damu itatoka wapi? Kesho yake nahamisha plasta. Fanyeni hivyo, plasta haili rangi sana, msitumie selotepu, inabandua.

La pili ni kubwa zaidi na halina plasta. Modeli haina vile vimishipa vidogo vinavyotoboa kuingia ndani. MCA kwenye ile sehemu yake ya kwanza, kabla haijaingia kwenye mfereji, inatoa vimishipa vyembamba vinavyopanda juu wima kwenda kwenye putameni na kapsula ya ndani, sehemu zilizo ndani kabisa ya ubongo. Basila inatoa vingine vinaingia kwenye ponsi, PCA inatoa vingine kwenda talamasi, nayo iko ndani kabisa. Havina kipenyo hata cha milimita moja, vinatoka moja kwa moja kwenye bomba kubwa lenye presha kubwa, havina njia ya pembeni ya kusaidiana, kwa hiyo vikiharibika hakuna kipilefti kitakachokuokoa. Presha ya miaka bila dawa inavila kuta zake, vingine vinaziba na kuacha vitundu vidogo ndani kabisa ya ubongo, vingine vinapasuka na damu inajaa kwenye putameni, talamasi, ponsi au serebela. Madaktari Charcot na Bouchard kule Paris walishaeleza vivimbe vidogo vya mishipa hiyo mwaka 1868. Na huku kwetu Afrika viharusi vya kuvuja damu vinachukua sehemu kubwa zaidi kuliko Ulaya, na presha ndo mzizi wake mkubwa. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na Dar kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 108.6 kwa watu laki moja kwa mwaka kule Hai na 315.9 hapa Dar, na hiyo ya Dar ni moja ya namba kubwa zilizowahi kuandikwa duniani.

Sasa mwanafunzi anashika modeli nzuri nyekundu, anaona mabomba makubwa, anaondoka akijua kiharusi ni bomba kubwa kuziba. Anaenda kituo cha afya, anampokea mama wa miaka 50 presha 220 kwa 130, upande wa kulia umelegea ghafla, anatapika, na kichwani mwake anayo ile MCA ya plastiki. Namsisitizia kila mmoja anayepita mikononi mwangu: kwa macho huwezi kutofautisha iliyoziba na iliyopasuka, mpaka CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha damu inayotolewa ndani ya saa 4 na nusu inamfaa yule wa kwanza na inaweza kumuua wa pili, na hata aspirini usimpe kwanza mpaka picha itoke. Kwa hiyo mimi nimechora vile vimishipa kwa markapeni nyembamba nyeusi pale chini kwenye ile sehemu yenye matundu madogo madogo. Sio vizuri, ila sasa vipo. Mtengenezaji angeweza kabisa kuvichora kwa rangi tu, wala isingemgharimu kitu, na nasikitika kuona modeli nyingi za aina hii zinanakiliwa moja kutoka nyingine na hakuna anayeviongeza.

Kuhusu shingo: haipo. Modeli inaanzia pale mishipa inapoingia kwenye ubongo, safari yote ya chini hamna, na hiyo naielewa kwa sababu ni modeli ya ubongo, ila lazima uijazie mwenyewe. Karotidi za shingo nazichora kwa markapeni kwenye shingo ya mwanafunzi anayejitolea, inapanda mpaka usawa wa ukingo wa juu wa kikoromeo, hapo inagawanyika ya nje na ya ndani, na hapo kwenye mgawanyiko ndo mafuta yanapopenda kujijenga. Nawakumbusha kushoto inatoka moja kwa moja kwenye upinde wa aota (mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo), kulia inatoka kwenye shina linalogawana na ateri ya mkono. Na nawakataza kabisa kukandamiza pande mbili kwa mara moja. Vetebra ndo tamu zaidi: tuna mifupa ya shingo ya plastiki chuoni, nachukua mrija wa dripu uliokwisha muda wake, naupitisha kwenye vitundu vya pembeni vya mifupa kuanzia wa 6 mpaka wa 1, wa 7 nauruka maana kwa kawaida ateri haipiti pale, ikifika juu mrija unajikunja nyuma ya mfupa wa kwanza ndo uingie kwenye tundu kubwa la fuvu. Ukishapitisha, muombe mwanafunzi azungushe mfupa wa kwanza kwa nguvu aone mrija unavyovutika. Baada ya hapo hakuna atakayekubali kinyozi amvunje shingo ile ya kak kak baada ya kunyolewa. Ukuta wa ndani wa hiyo ateri unaweza kuchanika, damu ikaganda pale na bonge likapanda juu, na ni vijana hao, sio wazee.

Niseme na la wodini maana watu hawanunui kwa ajili ya darasa tu. Siku zangu za zamu huwa naibeba kwenye mkoba. Ndugu wa wagonjwa wa kiharusi huwa wana maneno yao, kapigwa upepo mbaya, kakanyaga kitu, na ukianza kubishana nao unapoteza muda na mgonjwa anahamishiwa kwa mganga. Kuna baba mmoja alikuja na mdogo wake, mkono na mguu wa kulia vimelala, nikamfungulia upande wa kushoto wa ubongo nikamuonesha. Akaniambia, "Dokta, mbona ugonjwa uko kulia na wewe unanionesha kushoto?" Nikageuza modeli, nikamuonesha pale chini ya medula njia zinapovuka kwenda upande wa pili, nikamwambia mzee wangu weka kidole hapa, fuata mpaka huku. Akafuata kwa kidole taratibu. Akanyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo hii nyekundu hapa ndo imepasuka?" Nikamwambia kitu kidogo kilichotoka kwenye hiyo nyekundu. Akauliza presha inahusikaje, tukaongea pale muda mrefu, na mgonjwa alibaki hospitali. Kwa kazi hiyo tu modeli imeshalipa hela yake.

Kwa wanaofanya kliniki za seli mundu pia itawafaa. Mnajua watoto wa seli mundu wako kwenye hatari kubwa ya kiharusi, na kile kipimo cha dopla kinapigwa pembeni ya kichwa mbele ya sikio juu, pale mfupa ni mwembamba, kikipima mwendo wa damu kwenye MCA na mwisho wa karotidi. Ukifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi mtoto yuko kwenye kundi la hatari, na utafiti wa Marekani wa 1998 ulionesha kuwaongezea damu mara kwa mara kunashusha hatari ya kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Mama akioneshwa kwenye modeli mshipa wenyewe unaopimwa, na kwamba ukiwa mwembamba ndo damu inakimbia zaidi, anarudi kliniki. Ukimwambia tu "namba ya mtoto iko juu" wengine hawarudi.

Kuna waliosema kwanini tusitumie ubongo wa mbuzi kutoka buchani, bei chee na ni kitu halisi. Kwa mikunjo, serebela na ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo) sawa, tumieni, mimi natumia. Kwa mishipa hapana! Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawana karotidi ya ndani ya kueleweka wakishakuwa wakubwa, damu inafika kwenye duara kupitia wavu wa vimishipa chini ya ubongo, wavu ambao binadamu hana kabisa. Galen, daktari wa kale wa Kigiriki, aliuona kwa wanyama akaandika kana kwamba watu nao wanao, na dunia ikakaa na hilo karne nyingi mpaka wapasuaji wa miili waliofanya kazi Italia, Berengario da Carpi na baadaye Vesalius, walipoutafuta kwenye miili ya watu wakaukosa. Aplikesheni za simu za 3D nazo ni nzuri na zingine zinaonesha mpaka vile vimishipa vidogo, shida ni bando na simu za wanafunzi, na kioo cha simu hakikupi kitu cha kushika na kugeuza chini juu kwa mkono. Mwili halisi wa mafunzo ndo mwalimu wa mwisho, ila wenye nao ni vyuo vikuu, sisi wa vyuo vya kati tunaenda kwa ziara.

Ubora wa kifaa chenyewe, wa kati. Vipande vinashikana kwa sumaku ndogo, kwangu sumaku moja ya serebela ilishatoka kwenye gundi, nikairudisha kwa supaglu na imekaa. Rangi nyekundu kwenye kona za MCA imeanza kuchubuka kwa sababu ya jasho la vidole na spiriti, msipanguse kwa spiriti, tumieni kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Ateri ya basila ni kipande chembamba na ndicho kinachopotea, nimekitengenezea kamba. Namba zilizoandikwa kwenye mishipa ni ndogo sana na kile kikaratasi cha maelezo kina makosa, kwenye nakala yangu namba ya AICA (ateri ya chini-mbele ya serebela) na ya SCA zimebadilishana, na kwa mwanafunzi anayesoma peke yake usiku hilo ni kosa baya. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwa heshima ila hakunitumia kingine, nikaandika changu nikakiprinti na kukifunga kwa lamineti.

Kabla hujalipa omba picha nne: ya chini kabisa, ya nusu moja ikiwa imefunguliwa upande wa katikati, ya temporo ikiwa imetolewa, na ya kipande cha basila kikiwa peke yake mkononi. Kwenye picha ya chini hakikisha unaona SCA na PCA zimetengana na mshipa wa tatu uko katikati yake, kuna nakala nimeziona zimeziunganisha zote mbili kuwa bomba moja nene, hiyo usichukue hata kwa nusu bei. Hakikisha vetebra ziko mbili na PICA inaonekana. Uliza kama mishipa imetokeza au imechorwa tu kwa rangi, iliyotokeza ndo unayoitaka kwa sababu kidole kinaisikia.

Kwa bei ya chini ya laki tatu naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa vile vimishipa na kile kikaratasi. Kama kuna aliyewahi kuona modeli ya bei ya kwetu ambayo ina vimishipa vya putameni na vya ponsi, hata kwa rangi tu, aweke jina la duka na bei hapa chini, chuo chetu kinataka kununua ya pili.